Macho ya Kijijini Hayana Kasoro, Kasoro Iko Kwenye Desa Letu

Mwenzenu nilipotea kidogo, ila si kwa ubaya. Nilikuwa BTP, nikarudi nikakutana na tesiti tatu ndani ya wiki moja, halafu boom nalo likachelewa, si mnajua tena mambo ya chuo... Sasa nipo. Na leo sina stori za kantini wala za nani anatoka na nani. Leo nimekuja na hasira.

Anayesoma Elimu hapa chuoni analijua lile desa la Saikolojia ya Elimu. Lile lililopigwa kopi mpaka herufi zimefifia, kila mwaka wanaingia wapya na kila mwaka linarithiwa. Kuna sentensi moja mle ndani ambayo juzi nimeisikia tena darasani, kwa sauti, kutoka kwa mtu mzima mwenye heshima zake: eti watoto wa Kiafrika wa vijijini hawaoni vizuri mistari iliyonyooka na michoro yenye pembe, kwa sababu wamekulia kwenye nyumba za msonge. Watu wakaandika. WOTE. Hata mimi nilianza kuandika, halafu mkono ukagoma, maana nilimkumbuka binti mmoja.

Ngoja niwasimulie.

Shule niliyopangiwa BTP iko kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu huko kwenye migomba na kahawa, ambako asubuhi unavaa sweta na saa sita unalivua. Nikapewa Fizikia, Kidato cha Pili. Mada ilikuwa presha katika vimiminika. Nikachora ubaoni chupa mbili, moja imesimama wima na nyingine imeinama. Nikawaambia: chora mstari wa juu ya maji kwenye hii iliyoinama. Kitu rahisi, si ndio? Maji hubaki sambamba na ardhi hata ukiinamisha chupa vipi. Wengi wakapata. Binti mmoja wa dawati la nyuma akachora mstari sambamba na kitako cha chupa. Yaani chupa imeinama na maji yameinama nayo.

Mwenzenu nikafanya nini? Nikainua daftari lake juu darasa zima lione, nikasema, "Kwani kwenu hakuna maji?" Darasa likaangua kicheko. Nikampa sifuri, nikaendelea na somo, na moyoni nikajiona ticha mkali.

Jumamosi yake nikatoka kutembea. Nikafuata mfereji, ile mifereji ya zamani inayochota maji mtoni na kuyazungusha ubavuni mwa kilima mpaka mashambani. Nikamkuta yule binti na babu yake, ilikuwa zamu yao ya maji. Yeye ndiye alikuwa na jembe. Anafungua huku, anaziba kule kwa udongo na majani ya mgomba, maji yanakwenda anakotaka yeye. Mimi nimesimama barabarani naangalia, na jamani, naapa, maji yalikuwa yanapanda mlima! Kwa macho yangu mawili niliona mfereji unakwenda juu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Hivi haya maji yanapanda?"

Mzee akacheka. "Hayapandi, mwanangu. Macho yako ndiyo yameshazoea mteremko. Sisi tukichimba mfereji hatuyaulizi macho, tunayauliza maji."

Binti hakuniangalia. Alikuwa ameinama anaziba upenyo.

Sasa niambieni, kati yangu na yeye, nani hajui maji?

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa pale akanipa habari kwamba wanafunzi walipoingia Kidato cha Tatu na kuchagua masomo, yule binti aliacha Fizikia. Siwezi kusema ni kwa ajili yangu peke yangu. Ila kile kicheko nilikianzisha mimi. Ndiyo maana juzi mkono uligoma kuandika. Na nikaenda maktaba, nikapiga msuli kwa jambo ambalo halipo kwenye tesiti yoyote, nione hii hadithi ya nyumba za msonge ilitoka wapi.

Kwanza tufanye jaribio, maana sitaki mniamini kwa maneno. Chukua karatasi. Ijaze mistari mingi sambamba iliyoegemea kulia kidogo, kama mshale wa dakika ukiwa umepita kumi na mbili kwa dakika mbili au tatu. Hiyo ni kama nyuzi 15. Karatasi nyingine, chora mstari mmoja wima, tumia rula. Sasa kodolea katikati ya ile mistari iliyoinama kwa dakika nzima. Usicheke, usijibu simu. Halafu haraka angalia ule mstari wima.

Umeinama kushoto! Rula imesema umenyooka, macho yanasema umelala. Baada ya muda mfupi unarudi sawa. Sasa rudia huku umefumba jicho moja: kodolea kwa jicho la kulia, halafu angalia mstari wima kwa la kushoto. Bado utauona umeinama, hata kama ni kidogo zaidi. Maana yake kilichozoea si jicho, ni ubongo, kule ndani ambako habari za macho mawili zinakutana.

Hili James Gibson na Minnie Radner waliliandika tangu mwaka 1937, na Gibson aliona jambo jingine ambalo mimi limeninyima usingizi. Ukikodolea mstari ulioinama kwa muda, huo mstari wenyewe unaanza kuonekana kama umenyooka. Ubongo unauhesabu kuwa ndio kawaida. Kilichopinda kinageuka kuwa wima, na kilichonyooka kinaonekana kimepinda.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha kwamba kwenye ubongo wa paka, sehemu ya kuonea, kuna seli ambazo kila moja ina mwinamo wake inaoupenda. Hii inaitika mstari wima, ile wa mshazari, ile wa mlalo. Kazi yao iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Sisi nasi ubongo wetu unafanya hivyo. Mwinamo unaouona unatokana na kura za seli hizo zote. Ukikodolea mshazari mmoja muda mrefu, seli za upande ule zinapunguza sauti, kura zinaegemea upande wa pili, na mstari wima unaonekana umelalia kule.

Hayo ni macho ya mtu yeyote mwenye ubongo. Profesa wa London ataona hivyo hivyo, na muuza ndizi wa Tengeru pia. Dakika moja tu inatosha kuyapindisha, na dakika nyingine inayarudisha. Sasa kitu kinachobadilika kwa dakika moja, wewe unakuja kuniambia kimegandishwa na umbo la nyumba aliyozaliwa bibi yake?

Tuje kwenye asili ya hilo desa. Mwaka 1966 wataalamu watatu, Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, walitoa kitabu. Walikuwa wamekusanya majibu ya watu wa jamii nyingi, na kati yao walikuwamo majirani zetu wa Uganda, watu wa Ankole na wa Toro. Waliwaonyesha mistari miwili yenye urefu sawa: mmoja una mishale inayofunga ncha zake, mwingine ina mishale inayofunguka. Huo wa pili unaonekana mrefu zaidi. Ni kiini macho maarufu sana, kinaitwa Müller-Lyer.

Wakaona kwamba si watu wote wanadanganyika kwa kiwango kimoja. Wakapendekeza sababu: anayeishi kwenye nyumba za pembe nne na kona za seremala, ubongo wake umezoea kusoma pembe kama kona za chumba, kwa hiyo mistari ile inamchezea. Wa nyumba za mviringo haimchezei sana.

Mmeona hapo? Someni tena polepole. Waliodanganyika ZAIDI walikuwa watu wa mji wa Evanston, Marekani. Wa Ankole na Toro walidanganyika kidogo kuliko wao. Wawindaji wa Kisan wa Kalahari walikaribia kutodanganyika kabisa, mistari miwili iliyo sawa waliiona iko sawa. Sasa nani hapo ana kasoro ya kuona mistari? Matokeo yaliyosema mtu wa kijijini aliona sahihi zaidi yamefika kwenye desa letu yakiwa yamepinduliwa kichwa chini miguu juu, na sisi tunaandika tu!

Na hata hiyo sababu ya nyumba haijasimama. Mwaka huo huo wa 1966 Gustav Jahoda alitoa utafiti wake wa Ghana, na hakupata matokeo yanayofuata umbo la nyumba kama nadharia ilivyotaka. Mwaka 2015 yakatoka majibu kutoka India, ya watoto waliozaliwa vipofu kwa mtoto wa jicho wakafanyiwa upasuaji. Mara tu baada ya kuanza kuona, kiini macho kile kile kiliwapata. Watoto ambao hawajawahi kuona chumba cha mviringo wala cha mraba! Na mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone wakakusanya ushahidi wote, wakiwamo wanyama ambao nao wanadanganyika, wakasema wazi kwamba hadithi ya utamaduni kutengeneza kiini macho hiki haina miguu. Mjadala haujafungwa, wapo wanaoendelea kutetea upande wa mazingira. Sawa, wabishane. Ila desa letu linaongea kana kwamba kesi ilishahukumiwa zamani na mtuhumiwa ni mtoto wa mkulima.

Kuna atakayeniambia, "Mbona wale paka?" Najua. Mwaka 1970 Colin Blakemore na Grahame Cooper walilea paka wachanga gizani, na kila walipotolewa waliwekwa ndani ya pipa lenye michirizi ya mwelekeo mmoja tu, wima peke yake au mlalo peke yake. Walipokua, walikuwa kama vipofu kwa mwelekeo ambao hawakuwahi kuuona. Kweli kabisa, na linatisha. Lakini ni mtoto gani wa Meru aliyelelewa kwenye giza na pipa? Toka nje uangalie. Mgomba umesimama wima. Muhindi umesimama wima. Upeo wa tambarare kule kusini umelala. Ubavu wa mlima wenyewe ni mshazari mmoja mkubwa unaopanda kupita mita 4,500. Na hiyo nyumba ya msonge yenyewe imejengwa kwa nguzo za wima na fito zilizonyooka. Halafu kwa taarifa yenu, yule binti kwao ni nyumba ya tofali na bati, pembe nne kama bweni letu. Mnaongelea nyumba gani?

Basi kwa nini alichora maji yaliyoinama? Hapa ndipo ninapotaka tutulie, sisi walimu watarajiwa.

Hilo kosa ni la zamani na lina wenyewe. Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliliandika mwaka 1948, kwa watoto wa Uswisi. Watoto wa Geneva, wadau, kwenye maghorofa, walichora maji yanayofuata kitako cha chupa. Wakaambiwa wachore miti mlimani, wakaichora imechomoka kwa kusimama mraba na mteremko, kama misumari kwenye ubao ulioinama. Na baadaye ikaonekana kwamba hata wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani wengi tu wanakosea mstari wa maji. Nami nikajaribu hapa bwenini. Nikachora chupa ya soda imeinama, nikawazungushia wenzangu kwenye vimbweta. Si mmoja wala wawili waliochora maji yameinama, na mmoja wao ana GPA ya kutisha. Simtaji, anajijua!

Sababu ni kwamba ubongo, ukitafuta wima na mlalo, unashika mistari iliyo karibu. Solomon Asch na Herman Witkin walionyesha mwaka 1948 kwamba ukimweka mtu mbele ya fremu iliyoinama, ukamwambia anyooshe fimbo iwe wima, wengi wataiinamisha kufuata fremu. Kwenye karatasi yangu mistari ya karibu ilikuwa kuta za chupa. Binti aliifuata. Barabarani siku ile, mistari yangu ya karibu ilikuwa mteremko mkali wa kilima, na mfereji unaoshuka taratibu ukaonekana unapanda. Kosa lake na kosa langu lilikuwa KOSA MOJA. Tofauti ni kwamba la kwake lilipewa sifuri na kicheko, la kwangu likapewa karibu na babu.

Mfano mwingine uko hapo Kenya, kilima cha Kituluni nje ya mji wa Machakos. Watu wanafunga safari, wanamwaga maji barabarani, wanaona yanapanda. Wengine wanasema sumaku, wengine wanasema mizimu. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walitengeneza vilima kama hivyo kwa mfano mdogo juu ya meza, wakapata matokeo yale yale: ficha upeo wa macho, inamisha mazingira, na mteremko utaonekana mpando. Wanaodanganyika Kituluni ni pamoja na wenye digrii zao na magari yao. Mbona hao hakuna desa linalosema macho yao yana kasoro?

Nakubali jambo moja, ili msiseme ninatetea kila kitu. Wapo watoto ambao kweli mistari ya mwelekeo fulani wanaiona imefifia. Hao wana astigimati, jicho lao halikusanyi mwanga sawasawa pande zote, na wakiachwa bila miwani tangu wadogo, ubongo unazoea huo ukungu na baadaye hata miwani haimalizi tatizo lote. Huyo mtoto yupo mjini na yupo kijijini. Anahitaji kupimwa macho. Sasa fikiria mwalimu aliyekariri desa. Anamwona mtoto anakosea mistari ubaoni, anasema "ndivyo walivyo, nyumba za msonge," na mtoto anapita mwaka hadi mwaka bila miwani ambayo ingemsaidia. Hapo ndipo sentensi moja ya kopi iliyofifia inapogeuka kuwa madhara ya maisha. Mimi hilo ndilo linanikasirisha kuliko yote.

Mwangalieni fundi ujenzi. Kila siku tunapita site za Njiro na Sakina tunawaona. Fundi mwenye miaka ishirini kazini haaminishi ukuta kwa macho. Anateremsha timazi, anaweka pimamaji, ndipo anaendelea na kozi inayofuata. Na hakuna anayemcheka kwamba haoni! Wote tunajua macho yanazoea, ndiyo maana vifaa vikabuniwa. Babu wa mfereji naye pimamaji yake ni maji yenyewe. Ni sisi tu, wenye chaki, tunaotaka mtoto wa miaka 14 aone wima na mlalo kwenye karatasi bila timazi, bila chupa halisi mkononi, halafu akikosa tunamtafutia kosa kwenye ukoo wake.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa na BTP, nawaomba. Chupa haina gharama, ziko kila mahali. Ijaze maji nusu, ichovye rangi kidogo, mpe mtoto aiinamishe mwenyewe KABLA hujachora ubaoni. Funga jiwe kwenye uzi, litundike darasani, toka nao nje kwenye mteremko, wapime nguzo na migomba. Waulize wa mifereji wawaeleze wenzao, maana kwenye jambo hilo wao ndio walimu. Na mtoto akiendelea kukosea mistari, muulize kama anaona ubao vizuri, na umwambie mzazi ampeleke akapimwe. Kitengo cha macho KCMC pale Moshi si mbali.

Mimi kwa yule binti nimeshachelewa. Nilimwandikia barua kupitia yule mwalimu, nikamwambia nilikosea mbele ya darasa na nilimpa sifuri nisiyostahili kuitoa. Sijapata jibu na sina haki ya kudai jibu.

Lakini desa bado lipo. Tumelikodolea miaka mingi mpaka limeonekana limenyooka, kama Gibson alivyosema juu ya mistari. Jumatatu saa mbili asubuhi tuna kipindi tena. Nitanyoosha mkono. Najua nitakula maneno, pengine na alama zangu zitatetereka, ila nitakuwa na chupa ya maji mfukoni na uzi wenye jiwe. Anayetaka kukaa karibu nami mstari wa mbele, karibu.

Kwa leo niishie hapa, taa za bweni zinazimwa. Msome salama wadau.